Ziwa Lisilopwa

Ndani ya neno pwani kumejificha kitenzi. Maji hupwa, yaani hurudi nyuma na kuacha mchanga mtupu, mwani, na kaa wanaokimbilia mashimo. Na pale yanapopwa ndipo pwani, kwa kiambishi kilekile cha mahali kinachotupatia nyumbani na shambani. Baada ya saa sita hivi maji hujaa tena. Mtu wa Bagamoyo au Mkokotoni hupanga siku yake kwa mwendo huo: wanawake hushuka kutafuta pweza na chaza maji yakitoka, vyombo huelea yakirudi. Ana bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali na kurudi kwa kishindo. Ana maji mafu, siku za katikati, bahari inapojivutavuta kwa uvivu. Ukiyaondoa hayo yote, pwani linabaki neno tupu.

Sasa njoo Bukoba. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukisimama mchangani hapa huoni ng'ambo. Lina mawimbi ya kupindua vyombo, lina visiwa vyenye vijiji na shule, lina meli na wenye kuzisubiri. Lakini halipwi. Mwezi unalivuta kama unavyovuta bahari, ila mvuto wenyewe ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni: jiwe lililoloana alfajiri ndilo lililoloana jioni, na lililokuwa kavu lingali kavu. Kwa hesabu kali ya sarufi, basi, Bukoba haina pwani. Hata hivyo redio husema "pwani ya Ziwa Victoria", magazeti huandika hivyohivyo, na sijamwona msikilizaji aliyekunja uso.

Simlaumu mtangazaji. Maneno huhama, na yakishahama husahau yalikozaliwa. Linaloniwasha ni jambo jingine. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi zetu walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia kazi hiyo. Kiunguja ni lahaja ya watu wenye bahari mlangoni. Maneno yake ya ukingo wa maji yamechongwa na bamvua, kusi na kaskazi. Kisha yakasafirishwa na vitabu vya shule hadi mahali ambapo maji hayana tabia hizo hata moja, na watoto wa huko wakafundishwa kwamba ndiyo maneno yenyewe. Je, watu wa ziwa waliyafanyia nini? Jibu lake limetawanyika kando ya barabara, na siku moja ya gari kutoka Bukoba hadi Muleba, kupandia njia ya Kamachumu na kurudia barabara kuu, inatosha kuokota sehemu kubwa yake.

Anza na mchanga wenyewe, hapo mjini. Kijana wa Bukoba hasemi anakwenda ufukweni, anakwenda bichi. Ufukwe ni neno la ofisa utalii, na hasa kwa wingi, "fukwe zetu", likitamkwa mbele ya kamera. Ufuko limebaki kamusini. Mkenya angesema ufuo, na angeeleweka. Bichi wameliazima, lakini tazama walivyolikata likawafaa: bichi ni mahali pa sato wa kukaanga, muziki, soda baridi na picha ya harusi. Anayekwenda kuchota maji haendi bichi. Anayekwenda kununua dagaa haendi bichi, hata kama mchanga ni uleule na hatua ni chache. Neno la kigeni limepewa starehe peke yake, kazi ikaachiwa neno jingine ambalo tutalikuta mbele.

Kutoka bichi unaona kisiwa cha Musira kimeinua mgongo wa mawe. Wenyeji husimulia kwamba zama za wafalme wa Kihaya, abakama, waliovunja miiko walipelekwa huko wakaachwa. Kisiwa ni neno lisilo na ubishi. Maji yakizunguka nchi kavu ni kisiwa, ya chumvi au ya kunywa. Upande wa kushoto uwanja wa ndege umelala karibu kabisa na maji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam yenye watu 43 iliishia ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua. 19 walikufa, 24 wakaokoka, na waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Asubuhi ile kila chombo cha habari kilishika kitenzi chake. Ndege imeanguka. Ndege imetumbukia. Ndege imezama. Kuanguka kunatazama juu ilikotoka, kutumbukia kunatazama maji ilimoingia, na kuzama kunadai kitu ambacho kwanza kilikuwa kikielea. Vyote vitatu vilikuwa kweli, kwa zamu, ndani ya saa chache. Siku hiyo sikumsikia aliyesema pwani wala ufukwe. Walisema ziwani, na ikatosha.

Ukiinua macho kutoka kwenye maji unaona kuta za mawe ya mchanga, ukuta juu ya ukuta, miti imejishikiza kwenye nyufa. Hapa Kiswahili cha kamusi ni tajiri: genge, gema, jabali, poromoko. Genge ndilo neno lake hasa, mahali ardhi inapokatika ghafla ikaacha shimo au maji chini. Lakini jaribu kumwambia mtoto wa Kashai, hapa mjini, "tukutane kwenye genge". Atakwenda kwa muuza nyanya. Genge la leo ni meza ya mbogamboga chini ya mwavuli, vitunguu vimepangwa mafungu, na genge la kale limesukumwa likaporomoka kutoka katika masikio ya watu. Wengi sasa husema "mawe yale" wakanyoosha kidole, na kidole kinafanya kazi ya nomino. Wanajiolojia, kwa upande wao, walifanya kinyume: badala ya kutafuta neno la kuyaita mawe haya waliyaita kwa jina la mji. Matabaka ya miamba ya zamani sana yanayofanana na haya, hata yaliyo mbali upande wa Kigoma, yaliandikwa katika vitabu vyao kwa jina lililoundwa kutoka Bukoba. Kuna watu duniani wanaolitaja jina la mji huu kila wiki na hawajui kwamba una watu.

Kutoka mjini barabara inapanda mlima Nyangoye kwenda Rwamishenye, na papo hapo ziwa linapotea. Msafiri aliyeahidiwa safari ya kandokando ya maji huanza kunung'unika hapa. Barabara ya lami haiandamani na maji. Inakaa juu, mgongoni mwa nchi, kwa sababu chini kuna magenge na ghuba, na kati ya hayo vinamasi. Ukitaka maji lazima uiache lami, ushuke kwa njia ya vumbi jekundu, uyaone, kisha upande tena. Siku yote ni ya kushuka na kupanda.

Ndiyo maana nalipenda neno mwambao kuliko pwani, angalau kwa nchi hii. Limetoka katika kuambaa: kupita kando ya kitu, karibu nacho, bila kukigusa. Nahodha huambaa ili aione nchi na asipande mwamba. Mwambao ni ile nchi inayoambaliwa, na haihitaji maji kupwa wala kujaa. Inahitaji chombo kinachopita na mtu anayetazama. Wakenya waliwahi kulibebesha siasa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwambao lilipokuwa jina la madai ya ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Sisi tumelitumia kwa upole zaidi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwambao wa Ziwa Nyasa, na sikio halikatai. Kasoro yake ni moja: linatazama kutoka majini. Mwenye gari juu ya mgongo wa Kagera anaambaa kutoka upande wa nchi kavu, ziwa liko kushoto kwake linajitokeza na kujificha, na kwa huyo hatuna neno.

Lipo jambo ambalo watu wa hapa wana maneno yake, tena makali: kile kilicho chini ya magurudumu. Nchi ya Wahaya imegawanyika mara mbili waziwazi. Kuna ekibanja, migomba imefungamana na mibuni chini yake, nyumba katikati, udongo mweusi uliolishwa samadi na majani vizazi kwa vizazi. Na kuna rweya, majani matupu ya malisho, udongo uliochoka, upepo. Mpaka kati yao unaweza kuuvuka kwa hatua moja. Ukisema shamba, neno letu la Kiswahili, umesema kidogo mno. Shamba unaweza kulikuta popote na kuliuza kesho, kibanja kina makaburi ya wazee. Kibanja limeshaingia katika Kiswahili cha Kagera bila pasi, pamoja na ndugu yake mchungu nyarubanja, ule utaratibu wa wakulima kukaa kwa mabwana na kulipa, ambao ulifutwa kwa sheria miaka ya 1960. Mtu wa Dar es Salaam anayenunua "shamba Bukoba" kwa simu afadhali aulize kwanza: kibanja au rweya? Bei itajibu kabla ya muuzaji.

Katerero tunaipita. Nje ya Kagera jina hilo huwachekesha watu, kama linavyowachekesha jina la Mto Ngono upande wa pili wa mgongo, na dereva wa hapa amezoea abiria wanaogeuka kutafuta kibao wapige picha. Ameacha hata kutabasamu.

Kemondo ndipo ziwa linaporudi. Ghuba inaingia ndani ya nchi, vilima vimeizingira, na chini kuna gati na maghala. Ghuba ni neno lililosafiri salama. Ramani zetu zina Ghuba ya Speke na Ghuba ya Emin Pasha, yule daktari aliyefungua kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890. Bandari nalo limetulia. Maneno yaliyotoka Uajemi na Uarabuni kwa jahazi yamekaa kwenye maji ya kunywa kana kwamba yalizaliwa hapo.

Lakini Kemondo haitajwi bila kukumbuka meli. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, Mv Bukoba ilipita hapa kuchukua abiria na mizigo ikielekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka ikiwa imekaribia kufika, ikazama, na zaidi ya watu 800 wakafa. Wengi wa kizazi changu wanakumbuka maelezo ya redio: watu wamesimama juu ya meli iliyogeuka, ndani wengine wanagonga chuma, shimo likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, nayo ikashuka. Mabaharia wa bahari wana majina ya kila kipande cha chombo. Wana mkuku, ule mti mkuu wa chini. Wana gubeti mbele na shetri nyuma. Wana ngama, ile sehemu ya ndani yanamokusanyika maji. Lakini ule upande wa nje wa chini, uliotazama mbingu asubuhi ile, ni upande ambao chombo kikiwa kizima hakuna anayeuona, na katika simulizi nilizosikia kila mmoja aliuita vyake: mgongo, tumbo, kitako. Tumbo na mgongo ni vitu viwili vinavyopingana katika mwili wa kiumbe yeyote. Kwa meli iliyopinduka vyote viwili vilifaa.

Muhutwe tunaiacha barabara kuu na kupanda kwenda Kamachumu. Hapa gari linalia. Juu ni uwanda wa baridi, migomba mirefu, makanisa, shule za zamani, vijiwe vya kahawa. Na ukifika ukingoni upande wa mashariki, ziwa lote limetandazwa chini. Hii ilikuwa Ihangiro, mojawapo ya falme za Kihaya. Visiwa vya Muleba vinaonekana vimetawanyika, na mkubwa wao ni Bumbire.

Bumbire ni jina lililosomwa Ulaya kabla mji wa Bukoba haujakuwapo. Mwaka 1875 Stanley, msafiri wa Kizungu, alipita na mashua yake, akapata misukosuko ufukweni pa kisiwa, akaondoka. Miezi michache baadaye akarudi na bunduki, akawapiga watu waliosimama nchi kavu huku yeye akiwa majini, kisha akaandika mwenyewe habari hizo na magazeti ya kwao yakazichapa. Kukawa na kelele hata huko London. Kuambaa kulikuwa silaha: kukaa karibu na nchi bila kuigusa. Neno halina dhambi, ila nimelitazama kwa jicho jingine tangu nilipoona kisiwa kile kutoka juu.

Ziwa lenyewe lilipata jina la malkia mwaka 1858, Speke, msafiri mwingine wa Kizungu, alipoliona kutoka upande wa kusini. Wahaya huliita enyanja, yaani ziwa, basi. Ukiwa na ziwa moja la ukubwa huo hulihitajii jina la pili. Ni neno lilelile la Nyanza na Nyanja, na la Nyasa pia, ndiyo maana tunaposema Ziwa Nyasa au Ziwa Nyanza tunasema ziwa mara mbili na kujiona tumekamilisha. Na mkoa huu, hadi mwaka 1979, uliitwa Ziwa Magharibi. Simama Kamachumu asubuhi uone jinsi jina hilo lilivyokuwa la ajabu: jua linachomoza kutoka ziwani. Kwa mtu wa hapa ziwa ni mashariki. Aliyeupa mkoa jina alikuwa amekaa upande mwingine wa maji, au mbele ya ramani, na wenyeji wakaishi ndani ya dira ya mtu mwingine hadi vita vya Kagera vilipokwisha na mkoa ukapewa jina la mto.

Muleba mjini tunapita haraka. Ni mji wa barabara, mabasi, benki na chipsi. Tunashuka Kyamkwikwi, jina ambalo lazima ulitamke taratibu usije ukadhaniwa una kwikwi. Boti za visiwani hufunga hapa. Na hapa ndipo lilipo lile neno lililoachiwa kazi.

Tulikuta mama mmoja anageuza dagaa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, kwa ufagio wa vijiti, taratibu, kutoka kingo kuelekea katikati. Wingu lilikuwa limeanza kusimama upande wa visiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Mama, hapa panaitwaje?"

"Mwaloni."

"Na pale kwenye boti?"

"Mwaloni."

"Na pale kwenye mzani na maduka?"

"Si mwalo huohuo?"

Nikamwuliza pwani iko wapi. Akamtazama mwenzake, wakasemezana Kihaya, wakacheka. "Pwani si kwenu huko Dar?"

Alikuwa sahihi kuliko redio. Kwa mtu wa bara, Pwani ni nchi ya watu fulani, wenye baraza na wali wa nazi; tena ni mkoa kamili wenye mkuu wake. Na kwa watu wa Pwani yeye ni mtu wa bara, hata kama babu na bibi yake hawakupata kulala mbali na sauti ya mawimbi. Jozi hiyo ya maneno, bara na pwani, haikumwachia mtu wa ziwa nafasi.

Neno mwalo mtu wa ziwa amelipata karibu. Waganda ng'ambo ya mpaka husema omwalo, na kwa upande wetu neno linaeleweka toka Mara hadi Kagera. Si mchanga tu, wala si gati, wala si soko. Ni mahali mtumbwi unapotoka majini na samaki akaanza kuwa fedha, pamoja na kila kinachofuata: mzani, barafu, mama lishe, fundi wa injini, wachuuzi, ofisa uvuvi, deni. Pwani ya bahari ina neno linalokaribia, diko, na Malindi ya Unguja wana diko lao mashuhuri. Lakini diko halikuvuka kuja bara, na mwalo halikuomba ruhusa lilipoingia kwenye kanuni za uvuvi na vibao vya serikali. Wizara inaandika "mialo" bila kuweka alama za mtajo. Hilo ndilo ninaloliita ushindi wa istilahi: kamati haikukaa, neno likapita.

Samaki wenyewe wana habari hiyohiyo. Yule mkubwa aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, akala furu hadi aina nyingi zikapotea, kwetu ni sangara, kwa Wakenya mbuta, kwa Waganda mputa. Dagaa wetu kwao ni omena na mukene. Ziwa moja, samaki mmoja, mipaka mitatu. Na ndani ya sangara mna bondo, kile kibofu cha hewa ambacho zamani kilitupwa na leo kina wanunuzi wake, leseni zake na wezi wake. Ukitaja mabondo mwaloni mazungumzo ya karibu hupungua sauti. Wanafunzi waliofundishwa kusema "kibofu cha kuogelea" darasani, wakifika hapa hujifunza neno fupi zaidi.

Wingu lilisogea. Wale mama wawili wakaacha kucheka, wakakamata nyavu kwenye pembe, wakakunja dagaa ndani kwa mikunjo miwili na kuvuta turubai juu. Kitenzi chake ni kuanua, kutoa kilichoanikwa kabla hakijaharibika, na katika nchi inayopata mvua kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka kitenzi hicho ni nusu ya biashara. Dagaa wa Bukoba akinyeshewa hushuka kutoka chakula cha watu hadi chakula cha kuku, na bei yake pia. Ndiyo maana maofisa wanahimiza chanja, vichaga vya kuanikia juu ya ardhi. Kuanika kila mtu anakujua. Kuanua watoto wa mjini wameanza kukupoteza. Husema "toa nguo, mvua inakuja".

Tulipokuwa chini ya bati tukisubiri mvua, niliona mitumbwi mingi imepanda mchangani na mwalo ukiwa na ukimya wa siku ya kazi iliyoahirishwa. Mzee aliyekaa na nyavu alieleza: mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu juu yao, samaki hutawanyika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hurudi makwao, wanashona nyavu, wanakunywa. Siku za giza wanarudi, kambi zinafurika, bei ya chumba inapanda. Mwezi ambao kule Bagamoyo husukuma maji, huku husukuma watu. Kama unataka kuona kitu kikipwa na kujaa kwenye Ziwa Victoria, tazama mwalo, usitazame maji.

Ila maji nayo yana mwendo wake, mrefu, usiopimwa kwa saa. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2006 likashuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja. Mei 2020 likapanda tena hadi kukaribiana na alama ya 1964, hata kuipita kidogo. Nani atasema hilo si kupwa? Ni bamvua ya vizazi. Lakini maneno yetu ya kupwa na kujaa yana saa ndani yake, na mtu aliyejenga mwaka 2006 pale maji yalipomwonyesha mchanga hakuwa na neno la kumwonya.

Hapa istilahi inaacha kuwa mchezo wa wapenda maneno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Mita 60 kila mtu anaweza kuzipima. Shughuli iko kwenye "kutoka". Kwa bahari kuna mstari wa maji yakijaa, na bamvua ikija mara mbili kwa mwezi inauchora upya. Kwa ziwa mstari huo uko wapi? Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kuna watu mahali fulani, wenye viyoyozi na kamusi, wanaopaswa kuchagua neno. Wakichagua pwani watakuwa wamepima kwa maji yanayopwa. Wakichagua ufukwe, je, mahali pa magenge pasipo mchanga? Ukingo ni zuri kwa mto, ambao una kingo mbili na kina cha kukaa ndani yake. Ziwa lina ukingo unaotembea. Mwambao ni mpana mno, ni wa nahodha. Mimi ningeandika "kikomo cha maji", kisha ningelazimika kusema cha mwaka gani.

Mzee wa nyavu hakuhitaji kamati. Alionyesha mti mkavu uliosimama majini, hatua kadhaa kutoka tulipokaa, akasema zamani chini yake palikuwa na kivuli cha mama lishe. Kisha akaonyesha jiwe lililokuwa nyuma yetu, juu ya njia.

"Maji ya Uhuru yalifika pale, ndivyo baba alivyonionyesha. Ya Korona nayo palepale, yamezidi kidogo."

Maji ya Uhuru na maji ya Korona: 1964 na 2020, kila moja na alama yake ardhini ambayo mtu anaweza kuigusa. Mpima ardhi angeweka bikoni hapo na asikosee sana. Na tofauti yake si ya kubishania vitabuni. Mita 60 ukizianzia kwenye lile jiwe zinapanda hadi nyuma ya maduka na kuyaingiza yote kwenye marufuku. Ukizianzia pale maji yalipokuwa mwaka 2006, kwenye mwalo tambarare kama huu, zinaweza kwisha kabla hujatoka majini.